Kufundisha Kusoma Orodha ya Vitabu Vijavyo: Somo la Kiswahili kwa Darasa la Tano

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, wachapishaji wa vitabu hutoa orodha za vitabu wanavyokusudia kuvitoa katika msimu unaofuata. Orodha hizo hufika shuleni, hubandikwa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, na hukaa hapo mpaka karatasi ikageuka rangi. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huipita karatasi hiyo asubuhi na jioni bila kuitazama, huku akilalamika kwamba hana zana za kufundishia ufahamu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo kwamba zana anayo ukutani, na kwamba somo litokanalo nayo ni miongoni mwa masomo yenye manufaa makubwa anayoweza kumpa mtoto.

Mwandishi wa makala haya alilijua jambo hili kwa kulipia. Alipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya mteremko wa Old Moshi, wazazi walichanga fedha kidogo kidogo, wengine kwa kuuza ndizi sokoni Kiboriloni, ili shule ipate vitabu vya hadithi. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuchagua. Alichagua kwa kupendezwa na majina. Vitabu vilivyofika vilikuwa na maandishi madogo, bila picha, na lugha iliyowashinda hata watoto wa Darasa la Saba. Kimoja, kilichosifiwa kuliko vyote, kilikuwa bado hakijachapishwa. Mtoto mmoja wa kike aliuliza kila Jumatatu, "Mwalimu, kimefika?" Kitabu kilipofika, mtoto huyo alikwisha kumaliza shule. Kosa hilo halikutokana na uhaba wa fedha. Lilitokana na mwalimu asiyejua kusoma karatasi aliyopewa.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Kabla ya kuingia darasani, mwanachuo aelewe mambo matatu.

Jambo la kwanza ni aina za vitabu. Kitabu cha kiada ndicho kinachofuata muhtasari wa somo hatua kwa hatua. Kwa muda mrefu baada ya Uhuru, vitabu hivyo vilitayarishwa na kusambazwa na vyombo vya serikali. Miaka ya 1990 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuvitoa, na tangu mwaka 2013 kazi hiyo imerudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu cha ziada, kama vile cha hadithi, humpanua mwanafunzi nje ya kiada, na hapa ndipo wachapishaji binafsi wana nafasi kubwa. Kwa hiyo mwalimu aisomapo orodha ya msimu ajiulize kwanza: hiki ni cha kiada au ni cha ziada? Na kama ni cha ziada, je, kimepata ithibati ya kutumika shuleni?

Jambo la pili ni sababu ya mchapishaji kutangaza kitabu kabla hakijatoka. Gharama za kuhariri, kuchora picha na kupanga kurasa ni zilezile, ziwe nakala 1,000 au 5,000. Tuseme, kwa mfano, gharama hizo ni shilingi 6,000,000. Zikigawanywa kwa nakala 1,000, kila nakala hubeba shilingi 6,000. Zikigawanywa kwa nakala 5,000, kila nakala hubeba shilingi 1,200 tu. Ndiyo maana mchapishaji hutaka kujua mapema ni shule ngapi zitanunua. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Kitabu kilichokubaliwa kilichapishwa nakala 5,000. Mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa mashuleni, na mchapishaji akabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Mchapishaji hakuhofia hasara, na mtoto wa kijijini akapata kitabu. Mwaka huohuo wa 1991 Walter Bgoya, aliyekuwa ameliongoza Shirika la Uchapishaji Tanzania tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota huko Dar es Salaam. Na Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya E & D, aliwaandikia watoto Safari ya Prospa, kilichotoka mwaka 1995. Watoto wa mlima huu wanapaswa kuambiwa kwamba watu wa kwao pia huandika na kuchapisha.

Jambo la tatu ni siku za vitabu na lugha. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2021. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Mwalimu. Mwanachuo asidhani kwamba kila kitabu chenye sifa ni cha darasa lake. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ni habari njema ya kuwasimulia watoto, lakini riwaya yenyewe ni ya watu wazima. Vilevile watoto waone kwamba kitabu hicho kilisubiri miaka 28 kufika katika lugha yetu.

Andalio la somo

Darasa: la Tano. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kutenga taarifa, ahadi na sifa katika tangazo la kitabu, (b) kueleza tofauti ya kitatoka, kinatarajiwa kutoka, kimetoka na kilitoka, na (c) kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kuchagua kitabu.

Zana: Orodha halisi ya mchapishaji ikiwapo, kama haipo, tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya upande wa ndani wa boksi. Tangazo lifuatalo tumelitunga kwa ajili ya zoezi hili. Kitabu hicho hakipo:

"MFEREJI WA BABU. Hadithi ya watoto wawili wanaotafuta mahali maji ya mfereji yanapopotelea. Kurasa 32, picha za rangi. Kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 11. Kitatoka mwezi wa Januari. Ni kitabu ambacho kila mtoto atakipenda. Mtungaji atakisoma mbele ya watoto siku ya uzinduzi. Wahi nakala yako!"

Hatua ya kwanza: Kutoka katika maisha ya watoto. Mwalimu asianze na karatasi. Aulize: "Ni nani aliyewahi kuahidiwa kitu na mtu aliyesafiri?" Katika Old Moshi mikono itanyooshwa mingi, kwa sababu ndugu wengi wanafanya kazi mbali na hurudi mlimani mwezi wa Desemba. Mmoja atasema aliahidiwa viatu, mwingine baiskeli. Mwalimu aulize tena: "Ulijuaje kwamba ataleta? Uliuliza nini?" Mwalimu asimlazimishe kusema mtoto ambaye aliahidiwa na hakuletewa. Mwishoni mwa mazungumzo haya neno ahadi liandikwe ubaoni.

Hatua ya pili: Kusoma na kutenga. Watoto wasome tangazo kimya, kisha mmoja alisome kwa sauti. Mwalimu achore safu tatu ubaoni: TAARIFA, AHADI, SIFA. Taarifa ni jambo linaloweza kuhakikishwa, kama idadi ya kurasa. Ahadi ni jambo ambalo bado halijatendeka. Sifa ni maoni ya anayeuza. Watoto wapange kila sentensi mahali pake na waeleze kwa nini. Ubishi utatokea, na mwalimu asiukate upesi. Wengine watasema "kurasa 32" ni taarifa. Mwenzao atajibu kwamba kitabu kisichotoka bado hakina kurasa za kuhesabu, kwa hiyo nayo ni ahadi. Mtoto huyo apongezwe, kwa maana amesoma kuliko macho yanavyosoma. Kuhusu "kila mtoto atakipenda", watoto waone kwamba sentensi ina -ta- kama ahadi lakini ni sifa iliyovaa nguo ya ahadi: hakuna awezaye kuahidi mapenzi ya mtu mwingine.

Hatua ya tatu: Nyakati za kitenzi. Hapa sarufi inafundishwa ikiwa na kazi ya kufanya. Kilitoka: kazi ilikwisha zamani, kitabu kitafutwe maktabani. Kimetoka: kipo sasa, kinaweza kushikwa mkononi kabla ya kulipiwa. Kitatoka: mchapishaji amekusudia. Kinatarajiwa kutoka: mchapishaji mwenyewe hana hakika kamili. Mwalimu atoe shilingi za karatasi na aulize kila kikundi kingelipa lini katika kila hali. Mtoto akishaelewa kwamba kiambishi kimoja kinaweza kuokoa fedha za wazazi, hatakisahau.

Hatua ya nne: Kisichosemwa. Mwalimu aulize: "Tangazo limenyamaza kuhusu nini?" Watoto wataona kwamba bei haikutajwa, jina la mtungaji halikutajwa, wala mahali pa uzinduzi. Uzinduzi ukiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, mtoto wa Kidia au Tsuduni hatamsikia mtungaji. Vikundi viandike barua fupi ya kumwuliza mchapishaji maswali matatu kwa adabu. Barua iliyo bora ipelekwe kwa kweli. Barua ambayo haitumwi humfundisha mtoto kwamba kuandika ni mchezo wa darasani tu.

Kutoka katika orodha ya wengine hadi orodha yetu

Somo likiishia hapo, litakuwa limewafundisha watoto kuwashuku wengine. Hiyo ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kuwa wao wenyewe watu wanaoahidi na kutimiza. Kwa hiyo katika majuma sita yanayofuata darasa liwe nyumba ya uchapishaji.

Kila kikundi cha watoto watano kichague jambo la kuandika: jinsi mfereji wa kitongoji chao unavyosafishwa na kugawanywa kwa zamu, safari ya kahawa kutoka mtini hadi mnadani, au hadithi aliyoisimulia bibi mmoja wa jirani. Kikundi kitoe mtungaji, mhariri, mchoraji, mpigaji hati na mtangazaji. Mtangazaji aandike tangazo la mistari isiyozidi mitano, nalo libandikwe ukutani pamoja na tarehe ya kutoka. Sharti ni moja: tangazo lisiseme jambo ambalo kikundi hakitalitimiza.

Siku ya kutoka kwa vitabu iwe tamasha dogo la kusoma. Mwalimu atazame kalenda ya shule na, inapowezekana, aisogeze siku hiyo karibu na 7 Julai. Wazee wa kitongoji waalikwe. Bibi aliyesimulia hadithi aketi mbele, naye asomewe hadithi yake mwenyewe kutoka katika kitabu chenye jina lake kama msimulizi. Wazazi wengi hapa huingia shuleni kwa ajili ya michango na matokeo ya mitihani tu. Siku hiyo wataingia kusikiliza.

Kuna kikundi ambacho hakitawahi tarehe. Mwalimu asikifichie aibu wala asikizomee. Kisimame mbele, kieleze kilichokichelewesha, na kitaje tarehe mpya. Wachapishaji wa kweli nao huchelewa: karatasi hupanda bei, mchoraji huugua. Anayengoja anastahili kuambiwa. Laiti mwandishi wa makala haya angalimwambia hivyo yule mtoto wa Jumatatu, badala ya kumjibu "kesho" kwa miezi mingi.

Tathmini

Mwalimu asipime somo hili kwa kuuliza maana ya neno uzinduzi. Awape watoto tangazo jingine wasiloliona bado, kisha atazame mambo matatu. Je, wametenga sifa na taarifa? Je, wametambua kilichoachwa? Je, kila kikundi kimeweza kuchagua kitabu kimoja kwa sababu iliyotajwa, wala si kwa uzuri wa jina? Baadaye, darasa likiweza, liende katika Maktaba ya Mkoa mjini Moshi na orodha yake mkononi, likaone ni vitabu gani vilivyotangazwa zamani ambavyo sasa vinaweza kushikwa.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Tafuta orodha moja ya mchapishaji. Itenge katika taarifa, ahadi na sifa. Safu ipi ni ndefu zaidi, na kwa nini?

2. Wazazi wamekukabidhi shilingi 200,000 za vitabu vya ziada kwa Darasa la Tano. Andika maswali matano utakayouliza kabla ya kutumia hata shilingi moja.

3. Jadilianeni: je, ni halali kumwambia mtoto habari za kitabu ambacho shule haina uwezo wa kukinunua? Toeni hoja za pande zote mbili.