Udongo wa kunata ndani ya lupango: imbwa ainuliwe, asichimbiwe shimo



Leo tunaacha shamba kidogo, tunaingia ndani ya lupango. Mvua ikianza mwezi wa Septemba, lupango nyingi zenye udongo wa mfinyanzi, ule wa kunata, zinageuka matope. Imbwa analala hapo, anakojoa hapo, anakunya hapo, halafu anapita juu ya mkeka ambapo mama ameanika mpunga ao karanga. Watoto nao wanacheza hapo miguu mitupu. Kinyesi cha imbwa kinaweza kubeba mayai ya minyoo. Mayai hayo yanapenda udongo wenye unyevu na kivuli, na minyoo mingine inatoboa ngozi ya mguu wa mtoto. Imbwa anatulindia mbuzi na kufukuza nyani shambani. Tukimpa mahali pakavu, tunalinda pia chakula na watoto.

Kwanza mupime udongo

Muchimbe kishimo cha sentimita 30 upana na 30 kina. Mujaze maji, muache yaishe. Mujaze tena, halafu mupime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Kama hayakufika sentimita 2, mujue maji hayana njia ya kwenda chini. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana na zinabanana. Ndiyo sababu mwenye kufinyanga anautumia udongo huo kwa kutengeneza chungu.

Shimo la kokoto ni chungu

Watu wengi wanachimba shimo, wanalijaza kokoto, wanafikiri maji yatapotea. Kwenye mchanga yatapotea. Kwenye mfinyanzi, shimo lile ni chungu: maji na mkojo vinakaa ndani, na kisha wiki mbili harufu inapanda. Kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi pia hakusaidii. Wapiga matofali wanajua mchanganyiko ule unakuwa kitu gani ukikauka.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotandikia imbwa majani ya plastiki, yenye kufanana na yale ya viwanja vya mpira. Majani hayo yalijulikana sana mwaka 1966, yalipotandikwa kwenye kiwanja cha michezo cha Astrodome, mjini Houston. Hata wao, wakiyaweka juu ya mfinyanzi bila kutengeneza njia ya maji chini, mkojo unabaki na unanuka. Ni vilevile kwetu mtu akitandika bashi juu ya matope. Kitu cha kutandika juu si dawa; dawa ni njia ya maji.

Namna ya kufanya, mahali pa mita 3 kwa 2

1. Muchague mahali penye kuinuka kidogo, lakini pawe upande wa chini wa kisima na mbali na mahali pa kuanika. Maji ya imbwa yasiteremke kwenye kisima.

2. Mutoe majani, musichimbe shimo. Muchimbe mfereji kuzunguka mahali hapo, upana sentimita 40, kina 20. Udongo wake muutupe katikati mpaka pale painuke karibu sentimita 15. Mushindilie udongo ukiwa na unyevu kidogo, si ukiwa tope.

3. Mutengeneze mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 2, upande mmoja ushuke sentimita 4. Mutumie kamba iliyovutwa vizuri na chupa yenye maji nusu: chupa ikilazwa juu ya ubao, maji yanaonyesha upande wa chini.

4. Mufereji mmoja utoke nje mpaka kwenye migomba. Usielekee lupango ya jirani. Hapo munatafuta kesi.

5. Juu ya udongo mutie mawe sentimita 10: kokoto za mtoni, mawe mekundu ao vipande vya matofali ya kuchoma. Hesabu ni burueti 10 za litre 60. Pembeni mushikilie kwa matofali ao miti, lakini upande wa chini muache nafasi maji yatoke.

6. Mumalizie na changarawe ndogo sentimita 3, burueti 3 hivi, ili miguu ya imbwa isiumie. Mujenge paa dogo la nyasi.

7. Mvua za kwanza zikifika, mupande paspalum pembeni na kwenye lupango yote, vipande kila sentimita 20. Mizizi yake inashika udongo. Pale imbwa anapokojoa majani yatakuwa ya manjano, juu ya chumvi na azoti nyingi; mumwage maji hapo.

Kazi hii ifanywe mwezi wa Julai na Agosti. Ni wakati wa kiangazi: Lualaba na Luama zimeshuka, kokoto zinaonekana, na udongo haunati kwenye beshi.

Kutunza

Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na kisima na bustani. Kinyesi cha imbwa si mbolea ya mboga. Musikifananishe na cha mbuzi. Wakati wa mvua, mufereji usafishwe kila wiki. Ukiziba, kazi yote imekufa.

Wenye mbuzi wanaweza kutengeneza msingi huuhuu, halafu juu yake wajenge sakafu ya miti iliyoinuka, yenye nafasi ndogo za kuangusha mavi. Kwato zinazokaa kwenye matope zinaoza.

Kazi ya mukutano ujao

Kila mwanachama apime kishimo kimoja kwake, alete hesabu: maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa moja? Wale ambao maji yao hayakushuka waanze kwanza, na wengine wawasaidie kubeba mawe. Watu watano wenye burueti mbili wanaweza kuanza asubuhi na kumaliza lupango moja kwa siku.