Mwache mtoto acheze kwanza

Wamama na wapapa wa Kolwezi, swali linalonifikia mara nyingi, toka Manika hadi Dilala, ni hili: "Yaya, mtoto wangu ana miaka tisa, mpira anaujua kweli. Nifanye nini aingie klabu ya Mazembe?"

Mpendwa, Mazembe iweke pembeni. Muulize kwanza kama jana alifurahi.

Najua haraka yetu inatoka wapi. Mji huu unaishi kwa kilicho chini ya udongo, na mpira tunauona kama njia nyingine ya kutoka. Lakini mwangalie mtoto aliyebebeshwa matumaini ya nyumba nzima. Kila akigusa mpira, anageuza kichwa kuutafuta uso wa papa yake. Hathubutu kupiga chenga. Anautoa haraka asije akakosea. Huyo hachezi tena, anafanya mtihani.

Mnakumbuka Desemba 2010? Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Fainali tulifungwa na Inter Milan 3-0. Lakini watoto mitaani waliiga nini? Kidiaba, kipa wetu, akirukaruka kwa makalio kushangilia goli. Furaha yake waliichukua kabla ya ufundi wake, na ndivyo inavyofaa.

Basi ukiwa kando ya kiwanja, piga makofi, mengine mwachie kocha. Njiani kurudi usimhesabie makosa. Mpe maji, na nyumbani bukari na sombe. Akitaka kuongea juu ya mechi ataanza mwenyewe. Nanyi makocha, wadogo wachezesheni wanne kwa wanne ili kila mmoja auguse mpira, na wabadilishieni nafasi. Kumi na mmoja kwenye uwanja mkubwa, nusu yao wanakimbiza vumbi tu. Wasichana nao waingie, tafadhali.

Tena vumbi letu si la kuchezea. Utafiti wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliochapishwa 2018, ulikuta watu wa mtaa wetu wa Kasulo, hasa watoto, wana kobalti nyingi mwilini kuliko majirani wanaoishi mbali na mashimo ya madini. Kwa hiyo watoto wasicheze juu ya mabaki ya migodi wala kando ya barabara ya malori ya madini, hata kama pale ndipo pamesawazika vizuri. Wakirudi, viatu vibaki nje, mikono na uso vioshwe kabla ya chakula. Jezi ifuliwe, isirudi kabatini na udongo wake.

Jambo la mwisho linaniuma sana: wanaojiita mameneja. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mtu akija kuomba dola za pasipoti na tiketi ili ampeleke mtoto wako wa miaka 14 Ulaya, au akitaka umpunguzie umri kwenye karatasi, usimpe hata faranga. Usitie sahihi yoyote. Karatasi zake zipeleke kwanza kwa mwanasheria, na mtoto abaki shuleni.