Sentimita Tatu za Vumbi

Mwezi wa Februari, pangusa kizingiti cha dirisha asubuhi pale Kayole au Komarock, Nairobi. Jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mvua za Aprili zikishika, kizingiti hicho hukaa safi siku nyingi. Barabara ni ile ile, matatu ni zile zile, na upepo haujahama. Kilichoongezeka ni maji.

Udongo mbichi una utando mwembamba wa maji unaoshikanisha chembe na chembe. Utando ukikauka, upepo unapata cha kubeba, ingawa haubebi vyote. Mchanga hurushwa hatua chache ukaanguka. Chembe iliyo ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita huweza kuelea siku kadhaa na kuvuka mipaka ya nchi. Basi vumbi laini likikutwa penye barafu, swali ni hili: ni nchi gani iliyokuwa imekauka, na lini?

Kilimanjaro, unaoonekana kutoka Nairobi asubuhi anga likitakata, unalo jibu. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu ya kileleni na kutoa nguzo sita. Matokeo yalitoka mwaka 2002: barafu ya chini kabisa walikadiria ina miaka 11,700 hivi. Katika nguzo moja ulipita mstari wa vumbi wenye unene wa milimita 30, wa yapata miaka 4,000 iliyopita. Waliusoma kuwa ni ukame wa takriban miaka 300, wakati ambapo Ufalme wa Kale wa Misri ulikuwa ukisambaratika.

Binafsi huutazama ukingo wa mstari kuliko unene wake. Vumbi likizidi polepole, barafu huchafuka polepole. Ukingo mkali unaashiria badiliko la ghafla. Huko Greenland, ambako tabaka za barafu huhesabika mwaka kwa mwaka, vumbi lilipungua sana enzi ya barafu ilipokwisha, na badiliko hilo lilichukua muda mfupi kuliko umri wa Buruburu, mtaa wa Nairobi ulioanza kujengwa miaka ya 1970.

Kilimanjaro hauhesabiki kirahisi hivyo. Jua likila barafu, vumbi lake hubaki na kurundikana, hata mstari ukanenepa bila vumbi kuongezeka hewani. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaohoji umri wa barafu hiyo, na ndiyo maana shahidi wa pili ni lazima. Kwetu, shahidi huyo ni maziwa.

Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, halina kina cha zaidi ya mita 80 na ushei. Waliotoboa sakafu yake walikuta, chini ya tope laini, udongo mgumu wenye vijizizi vya nyasi. Huo ni ushahidi wa ukame mwingine, wa kale kuliko ule wa mstari: mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, ziwa lilikuwa limekauka. Kutoka Kisumu hadi Mwanza ungekwenda kwa miguu, na vumbi ungelila njia nzima.