Kikuku kama Sarafu: Manila katika Uchumi wa Kusini-Mashariki mwa Nijeria

Mgawanyo unaotenga sarafu na pambo hautoshi kueleza historia ya manila, yaani kikuku cha shaba kilichopindwa mithili ya kwato la farasi, ambacho kilitumika Afrika ya Magharibi kwa zaidi ya karne nne. Thamani yake ilitokana na matumizi matatu yaliyotegemeana: kununulia, kuyeyushwa, na kutimiza ada.

Matumizi ya kwanza yana historia chungu. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Pacheco Pereira aliandika kwamba huko Benin mtumwa mmoja aliuzwa kwa vikuku 12 hadi 15. Baada ya biashara ya watumwa kukomeshwa, manila iliendelea kutumika katika biashara ya mawese.

Kuhusu matumizi ya pili, utafiti wa kikemia wa manila 67, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa shaba ya sanamu na vibao mashuhuri vya Benin inalingana na ya manila zilizotokana na madini ya bonde la mto Rhine, Ujerumani. Kwa hiyo, chuma kilekile kilichopimia bei ya binadamu ndicho kilichohifadhi kumbukumbu za wafalme.

Matumizi ya tatu yalidhihirika manila ilipofutwa. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku uingizaji wake bila kibali, lakini miongoni mwa Waibibio na Waigbo wa kusini masoko yaliendelea kuitumia. Thamani yake ilipopanda dhidi ya shilingi, walioumia ni wafanyakazi waliolipwa kwa shilingi na kununua chakula kwa manila. Hatimaye, kati ya Oktoba 1948 na Machi 1949, serikali ilinunua manila zaidi ya milioni 32, kisha ikaziuza kama shaba chakavu. Hata hivyo, kila mtu aliruhusiwa kubaki na manila zisizozidi 200 kwa ajili ya harusi na mazishi.

Ruhusa hiyo ina uzito wa kinadharia. Sheria iliweza kuiondolea manila uwezo wa kununua, lakini ilikiri kwamba mahari na heshima ya wafu havikuwa na mbadala wa shilingi. Mtafiti anayeiita manila "fedha ya kale" tu huacha nje sehemu ya utajiri ambayo hata mkoloni hakuweza kuifuta.