Somo la Mwezi: Ujira wa Fundi Asiyeonekana

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Yakobo 5:4, 2 Timotheo 4:13



Kijana mmoja wa kanisa letu alitujia na shida. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Wazee wengine huiona kazi hiyo kama mchezo, kwa maana hawaoni jembe wala nyundo. Lakini Paulo alishona mahema, na akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu. Mtu anasikia baridi, na bado anataka vitabu! Basi tusimcheke kijana anayenunua bando kabla ya sabuni. Hapa Dzaleka, palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, vitabu vingi vimetufikia kwa kompyuta. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha masomo ya juu kwa njia ya intaneti, na ndugu zetu wakafundishwa na walimu wa ng'ambo bila kutoka Dowa.

Sasa shida yenyewe. Mwenye duka mmoja wa Lilongwe alimpa kazi. Kijana alikesha wiki tatu. Tovuti ikafunguliwa, wateja wakaiona, na mwenye duka akaacha kupokea simu. Lilongwe si zaidi ya kilomita 50, lakini kwa mkimbizi ni mbali. Serikali inataka tukae kambini, na mwaka 2023 iliamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi. Asiye na kibali cha kufanya kazi atamshtaki nani? Tajiri yule alilijua hilo.

Torati inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile, awe ndugu au mgeni. Mgeni ametajwa waziwazi, tusipapite haraka. Yakobo naye anasema kilio cha waliodhulumiwa ujira kinamfikia Mungu.

Tulitaka kumaliza somo hapo, tukimsema tajiri wa mjini. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa heshima: "Mchungaji, na ile kazi ya kwaya?"

Tulikuwa tumesahau. Mwaka jana alitutengenezea ukurasa wa kwaya, wenye picha na nyimbo. Bando alinunua yeye. Tulimwambia Mungu atambariki. Anayejitolea kwa moyo wake tunamshukuru, lakini huyu hakujitolea: tulimwuliza bei, akaitaja, tukanyamaza.

Wazee waliketi Jumanne. Nusu imelipwa, na nusu itatoka katika sadaka ya Jumapili ya kwanza. Ya Lilongwe bado; mzee mmoja ameomba kibali cha kusafiri ili aende naye hadi dukani. Tuwaombee.

Swali la kujadili nyumbani, watoto nao wakiwepo: ni nani ametufanyia kazi, fundi cherehani, mama wa kufua, kijana aliyetufyatulia matofali, na tunapomwona njiani tunageuza uso?