Nyumba Mpya: Usihamie Kabla Kazi ya Nje Haijakwisha



Mtu akijenga nyumba, macho yake huwa juu ya mabati. Siku bati la mwisho lipigiliwapo misumari, husema, "Nyumba imekwisha," na kesho yake vitanda huchukuliwa. Somo letu la leo ni hili: nyumba haijakwisha mpaka maji ya mvua yamepewa njia, choo ki tayari, na mboga zi karibu kuchumwa.

Sisemi habari za siku ya kuanzisha boma, mwenye boma aendapo na jogoo, shoka na mwanawe wa kwanza. Hiyo ni desturi, na wazee wanajua taratibu zake. Nasema habari za nyumba ya kudumu, ambayo hujengwa baadaye, pole pole.

Sisi wa Awasi na uwanda wa Kano tuna udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hujikunja na kupasuka. Mvua ikinyesha huvimba. Ukuta uliosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka upasuke. Kwa hiyo fundi mwema huuondoa udongo huo mpaka afike penye ardhi ngumu, au hujaza changarawe nyekundu na kuishindilia. Lakini kazi yake yote yaweza kuharibika ikiwa maji ya paa yaachwa kumwagika ukutani.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilihamia mwezi wa Machi, nikasema, "Mtaro nitauchimba nikiwa humo humo." Mvua ikaja, jembe likanasa katika matope. Maji yakasimama mlangoni, shimo la choo likajaa, tukawa twaomba choo kwa jirani. Mtoto wetu mdogo akaugua tumbo. Alipona, lakini fedha ya dawa ingalitosha kuwalipa vibarua wa mtaro.

Basi wewe fanya hivi.

1. MAJI. Kabla ya kuinua sakafu, waulize majirani maji ya mafuriko ya mwaka 2020 na ya 2024 yalifika wapi, uipandishe sakafu kupita alama hiyo. Chimba mtaro uteremkao mbali na ukuta. Kisha tia mifereji ya paa na tangi. Hesabu yake ni nyepesi: millimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa lililofunika meta 8 kwa 6 ni meta 48 za mraba. Mvua ya millimita 10 hulipa lita 480. Toa zinazopotea, utapata kama 400, yaani madumu 20 ambayo mama hatayabeba kichwani.

2. CHOO. Kiwe meta 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa mteremko. Mahali ambapo maji ya ardhini hupanda karibu wakati wa mvua, usichimbe shimo refu; liinue juu kwa mawe au matofali, ujenge na ngazi. Mtaro na shimo vichimbwe mara mvua za vuli zikwishapo, udongo ungali na unyevu kidogo. Ukikauka kabisa huwa kama jiwe.

3. MBOGA. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, na baada ya kupandikizwa hungoja kama wiki 6 nyingine. Kwa hiyo ukitaka kuhamia mwanzo wa Machi, sia mbegu mwanzo wa Desemba, katika kitalu cha nyumba unayokaa sasa, ambapo waweza kumwagilia kila jioni. Kunde, osuga na dek hazichukui muda mrefu hivyo. Tengeneza matuta yaliyoinuka, upana wa meta 1, uchanganye samadi iliyooza. Weka ua kwanza, kwani kuku na mbuzi hawangoji karamu ya kuingia nyumba.

4. MITI. Usipande mikaratusi karibu na nyumba. Hunywa maji mengi, na udongo mweusi ukikaushwa chini ya msingi, ukuta hupasuka. Mwembe uwe meta 10 kutoka ukutani.

Labda utasema, "Kodi ya nyumba ya mjini yanila, siwezi kungoja." Ni kweli. Lakini mwezi mmoja wa kodi wajulikana kiasi chake. Ukuta uliopasuka na mtoto aliyeugua hawana kiasi.

MASWALI

1. Kwa nini udongo mweusi hupasua ukuta?
2. Paa la meta 10 kwa 6 likipata mvua ya millimita 20, ni lita ngapi kabla ya kutoa zinazopotea?
3. Zunguka nyumba yako leo. Mvua ikinyesha usiku huu, maji yatakwenda wapi?

Majibu ya mawili ya kwanza yamo katika somo. La tatu lijibu kwa jembe.