Chakula Kipikwacho na Ardhi

Katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Ureno, viko visiwa tisa viitwavyo Azores. Visiwa hivyo ni vilele vya milima ya moto iliyoinuka toka chini ya bahari. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni São Miguel, na toka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hata kisiwa hicho ni mwendo wa kilomita 1,400 na zaidi. Hapakuwa na watu huko mpaka karne ya 15, Wareno walipofika na kukaa. Hao ni taifa lile lile lililoanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593.

Katika São Miguel kiko kijiji kidogo kiitwacho Furnas. Kijiji hicho kimo ndani ya bonde la mviringo lililozungukwa na kuta za milima. Bonde hilo ni kinywa cha mlima wa moto uliodidimia zamani sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1630 mlima ule uliamka, ukatapika moto na majivu. Watu wapatao 200 walikufa, nao waliosalia wakakimbia, wakaacha nyumba na mashamba. Baadaye watu walirudi, kwa kuwa udongo wa bonde lile una rutuba nyingi na maji hayapungui. Tangu mwaka ule mlima haujalipuka tena, walakini moto wake haukuzimika.

Dalili za moto huo huonekana kila siku. Maji ya mvua huzama ardhini mpaka yakutane na mawe ya moto; hapo huchemka, yakapanda tena juu kuwa mvuke. Kijijini yako mabwawa ya maji yachemkayo yenyewe, nayo hewa inanuka kiberiti. Watu hutia mahindi katika gunia, wakalitumbukiza katika maji hayo, na yakiisha kuiva huwauzia wapitao. Karibu na kijiji liko ziwa, na penye ukingo wake udongo wenyewe una moto. Hapo ndipo hupikwa chakula kilicholeta sifa kwa Furnas, nacho huitwa cozido.

Mgeni atakaye kula cozido katika mkahawa wa kijiji hana budi kutoa habari mapema, yamkini siku moja kabla, maana chakula hiki hakiharakishwi. Mpishi hupanga katika sufuria kubwa nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kuku, pamoja na matumbo yaliyojazwa nyama yenye viungo. Kisha huongeza kabichi, karoti, viazi mbatata, viazi vitamu na majimbi. Majimbi hayo ni ya namna ile ile ilimwayo Afrika ya Mashariki penye maji mengi. Hutia chumvi, lakini hatii maji hata kidogo, kwa kuwa chakula huiva kwa majimaji yake chenyewe. Sufuria hufunikwa, ikafungwa imara.

Alfajiri sufuria huchukuliwa mpaka ziwani, ikateremshwa katika shimo lililochimbwa katika udongo wa moto. Juu ya shimo huwekwa kifuniko cha mbao, na juu yake hurundikwa udongo, mvuke usipate njia. Kila rundo hutiwa alama ya mwenyewe, sufuria zisichanganyike. Hapana kuni wala makaa, wala hapana wa kupuliza moto. Sufuria hukaa ardhini kama saa sita. Mtu akiifukua kabla ya wakati, joto hutoka na nyama hubaki ngumu. Adhuhuri watu wawili hufukua udongo, wakaivuta sufuria kwa kulabu, huku mvuke ukiwafunika. Ndipo hupelekwa mkahawani upesi, na wageni waliongojea wakapakuliwa kila kitu katika sinia moja. Nyama imekuwa laini hata yaachana na mfupa, na kila kitu kina harufu kidogo ya moshi na ya ardhi.

Lakini ardhi ipikayo chakula yaweza kuua pia. Maji yale yachemkayo humwunguza mara moja mtu ateleaye, kwa hiyo pamezungushiwa ua, na wageni huonywa wasiziache njia. Tena iko hatari isiyoonekana. Pamoja na mvuke, hewa ya ukaa hutoka ardhini, nayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi hukaa chini kama maji yakaavyo katika beseni. Wataalamu wameipima, wakaona kuwa huingia hata katika baadhi ya nyumba za kijiji. Mtu ainamaye ndani ya shimo, au alalaye katika chumba cha chini kisicho na madirisha, aweza kuzimia na kufa asijue kilichompata. Kwa hiyo yafaa vyumba vya chini vipitishe hewa, na mtu asiingie mahali pa shimo pasipo kufunguliwa kwanza.

Hivyo watu wa Furnas huishi juu ya moto ule ule uliowaua watu mwaka 1630. Hawawezi kuuzima, wala kuuamuru. Wamejifunza mahali pa kuchimba, saa ya kufukua, na mahali pasipokanyagwa. Na kwa maarifa hayo hupata chakula chao cha adhuhuri.

MASWALI
1. Kwa nini watu walirudi Furnas baada ya mlima kulipuka?
2. Eleza jinsi maji ya mvua yanavyogeuka kuwa mvuke.
3. Kwa nini mpishi hatii maji katika sufuria?
4. Hewa ya ukaa hukaa mahali gani, na kwa sababu gani?